Kuishi kwa brashi Lubumbashi: gunia, rangi, tina na deni

Watu wakisikia mchoraji fulani amechanganyikiwa, hulaumu kipaji, au wivu wa jirani, au mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki, aliyemchora mara nyingi kupita kiasi. Ukiingia chumbani kwake utakuta mambo ya kawaida zaidi: madirisha yamefungwa, tina ya kuyeyushia rangi iko wazi kwenye kopo, picha tatu zimebanduka kabla ya kuuzwa, avansi (malipo ya awali) ya mteja imekwisha kuliwa na kazi haijaanza. Shida nyingi za mchoraji huanzia kwenye kitambaa, hewa na hesabu. Kichwa hufuata. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kitambaa.

Kitambaa

Katika miaka ya 1970 wachoraji wa ukumbusho, yaani wa picha za kukumbusha maisha na historia, walichora sana juu ya magunia ya unga. Magunia yale yalikuwa ya pamba. Gunia la unga linalouzwa leo katika masoko ya Kenya au Katuba, mitaa ya hapa Lubumbashi, Kongo, mara nyingi ni la plastiki iliyofumwa, na hapo ndipo wengi wanapopoteza kazi ya wiki nzima. Plastiki hiyo hainywi gundi. Rangi inakaa juu yake kama ngozi, na picha ikikunjwa mara moja inabanduka vipande vipande. Chomoa uzi mmoja pembeni uchome kwa kiberiti: pamba inaungua kwa moto wa kawaida, inanuka kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu; plastiki inayeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Likitokea tone, rudisha gunia kwa muuza unga.

Kama huna gunia la pamba, nunua amerikani, ile nzito isiyopaushwa. Iinue juani: ukiona uso wa mtu upande wa pili, ni nyepesi mno. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni, maana ina wanga wa kiwandani unaozuia gundi kuingia, na pia itapungua ukubwa. Afadhali ipungue kwenye beseni kuliko kwenye fremu. Ianike, ipige pasi.

Tuchukue picha ya sm 60 kwa 80, kipimo kinachobebeka kwenye baiskeli na kuingia kwenye sebule ya kawaida. Kitambaa ukate sm 72 kwa 92, yaani sm 6 za ziada kila upande za kukunjia nyuma. Mbao unahitaji mita 2.8, nunua mita 3. Kipande chenye unene wa sm 2 na upana wa sm 4 kinatosha. Mbao za masanduku ya mizigo ni nzuri kwa sababu zilishakauka zamani. Ekaliptasi mbichi usiiguse: itapinda ndani ya mwezi na kuvuta kitambaa kuwa na umbo la mashua. Mulombwa ni mbao bora lakini ni nzito na ghali, iachie makabati.

Kata pembe kwa nyuzi 45, ziunge kwa gundi na misumari miwili kila pembe. Kabla gundi haijashika, pima kutoka pembe hadi pembe. Fremu ya 60 kwa 80 ikiwa imenyooka, vipimo vyote viwili vitakuwa sm 100 kamili. Kimoja kikiwa 101 na kingine 99, sukuma pembe ndefu taratibu mpaka vilingane. Kisha chukua randa au kisu, uondoe ukingo wa ndani wa mbao upande wa mbele ili ubaki mteremko. Usipofanya hivyo, kitambaa kitagusa ukingo huo na baada ya miezi michache utaona mstari mnyoofu ukipita katikati ya mbingu yako, mstari ambao rangi yoyote haiwezi kuuficha.

Kuvuta kitambaa: anza katikati ya upande mmoja, msumari mmoja. Nenda upande wa pili unaotazamana nao, vuta, msumari mmoja. Halafu pande mbili zilizobaki. Ukishapata msalaba huo, sogea kutoka katikati kwenda pembeni, kila sm 5, ukibadilishana pande. Anayeanzia pembeni hupata mikunjo ya mshazari, na hiyo haitoki. Usivute kama ngozi ya ngoma. Gundi itakapokauka itaongeza mvuto wenyewe, na fremu nyembamba hujipinda.

Gundi na rangi ya kwanza

Mafuta yaliyo ndani ya rangi yakigusa pamba moja kwa moja, yanaiozesha. Inakuwa ya kahawia, kisha inapasuka ukiigusa kwa kidole. Gundi nyeupe ya fundi seremala ndiyo kinga. Changanya kikombe kimoja cha gundi na vitatu vya maji, paka mbele tu kwa brashi pana, acha ikauke, paka tena kwa kupita upande mwingine. Ukiona matone yamepenya nyuma, mchanganyiko ni mwepesi mno.

Juu ya gundi paka rangi nyeupe ya maji, ile ya ukutani, mara mbili. Ya kwanza iongeze maji robo ya ujazo wake. Ya pili iache ilivyo. Kati ya hizo subiri saa nne wakati wa kiangazi. Mvua zikiwa zimeanza, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili, subiri mpaka kesho yake. Piga msasa laini, namba 220, ufute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Kuna wanaobana matumizi kwa kupaka chokaa ya ujenzi badala ya rangi. Chokaa hiyo ni kali: inageuza mafuta ya rangi kuwa kitu kama sabuni, na bluu nyingine hupauka. Chaki ya ubaoni iliyosagwa haina ukali huo. Ukitaka kuongeza uzito, tia vijiko viwili vya unga wa chaki kwa kila kijiko cha gundi, na maji ya kutosha iwe kama uji mwepesi.

Sheria moja isiyo na msamaha: rangi ya mafuta juu ya rangi ya maji inashika, rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta inabanduka. Anayefanya marekebisho ya mwisho kwa rangi ya ukutani kwa sababu kopo la mafuta limekwisha, anaandaa ugomvi na mteja.

Makopo matano

Huhitaji kununua kila rangi unayoiona dukani. Nyeupe, nyeusi, nyekundu, njano na bluu zinatosha, za mafuta, makopo ya robo lita. Nyeupe nunua kubwa kidogo. Lita moja ya rangi hiyo hupaka takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja. Picha ya 60 kwa 80 haifiki hata nusu mita ya mraba, kwa hiyo mkono mmoja unakula kama mililita 50, na picha nzima yenye mikono mitatu au minne itakula 150 hadi 200. Ukijua hesabu hiyo, hutasema tena "rangi iliisha tu".

Ongeza rangi nzito ndani ya nyepesi, usigeuze. Ukitaka mbingu, weka vijiko kumi vya nyeupe na tone la bluu, koroga, ongeza tone. Ukianza na bluu utamaliza kopo la nyeupe ukiifukuza.

Ngozi ya mtu huwashinda wengi kwa sababu wanakimbilia nyeusi. Nyeusi inaua ngozi. Mtu anatoka kama aliyepakwa masizi. Chukua vijiko vinne vya njano, viwili vya nyekundu, kisha bluu nusu kijiko, ukoroge mpaka itokee kahawia yenye joto. Bado ni ya machungwa? Ongeza bluu robo kijiko. Sehemu ya mwanga, yaani paji la uso, mfupa wa shavu, pua, iongeze njano na nyeupe kidogo. Kivuli chini ya kidevu kiongeze bluu. Nyeusi ibaki kwa mboni, viatu na maandishi.

Fedha ikikosekana, ardhi ya hapa ina rangi. Udongo mwekundu wa vichuguu unafaa kabisa kwa barabara, matofali na milima. Ponda kilo moja, tia ndani ya ndoo ya maji, koroga, hesabu mpaka kumi ili mchanga uzame, kisha mimina maji yaliyochafuka kwenye ndoo ya pili. Rudia mara tatu. Yaache yatulie usiku kucha, mwaga maji ya juu, anika tope. Lile linalobaki ni unga laini kama poda. Usage kwa chupa juu ya kioo pamoja na gundi nyeupe na maji, kiasi sawa. Makala (makaa) hutoa nyeusi kwa njia hiyohiyo, na pemba, ule udongo mweupe, hutoa nyeupe hafifu. Rangi hizi ni za maji, kwa hiyo zinapakwa chini, kabla ya mafuta.

Malakiti inawavutia wengi, kwa kuwa jiwe lenyewe ni la Katanga na kijani chake ni kizuri. Lakini kadiri unavyolisaga, ndivyo linavyopauka. Ukifikia unga laini linabaki kijani cha chai ya maziwa. Na vumbi lake ni la shaba, si la kuvuta puani. Liache kwa wachonga vidani.

Jaribu kila kopo jipya la rangi inayong'aa kupita kiasi, hasa pinki na zambarau. Paka mstari kwenye kipande cha ubao, funika nusu yake kwa bati, weka juani majuma manne. Nusu ya wazi ikipauka, usiipake kwenye kazi ya mtu. Van Gogh alikuwa anajua kwamba nyekundu fulani za wakati wake hazidumu, akazitumia hivyohivyo; waridi alizozipaka pinki mwaka 1890 leo zinaonekana nyeupe. Yeye ana makumbusho ya kumtetea. Wewe una mama mwenye nyumba anayekuja na picha mkononi.

Kupaka na kukausha

Picha ya mteja, tuseme picha ndogo ya marehemu ya sm 10 kwa 15, ikuzwe kwa miraba. Chora miraba ya sm 1 juu ya nailoni angavu uliyoiweka juu ya picha, usiiharibu picha yenyewe. Kwenye kitambaa cha 60 kwa 90 chora miraba ya sm 6 kwa chaki. Kisha nakili mraba kwa mraba, ukianza na ule wenye jicho la kushoto. Kalamu ya risasi huonekana chini ya njano na ngozi ya mwanga, chaki inafutika.

Mkono wa kwanza punguza kwa tapentaini, sehemu moja kwa tisa za rangi, usizidishe. Mikono inayofuata iwe na tapentaini kidogo zaidi na zaidi, wa mwisho usiwe nayo kabisa. Ukigeuza mpangilio huo, tabaka la juu litakauka mbele ya la chini, na la chini likija kujikaza litapasua la juu. Nyufa nyingi unazoziona kwenye nyuso za picha za mjini zilitokea hivyo: fundi aliharakisha macho na mdomo kwa rangi nyepesi juu ya shavu ambalo lilikuwa bado bichi.

Peteroli ya taa si mbadala mzuri. Inaacha mafuta yake ndani ya rangi, na picha inanata hata baada ya wiki mbili, ikikusanya vumbi lote la barabara. Esansi (petroli) ya gari inakauka haraka, lakini inaua mng'ao, na mvuke wake unadaka moto kutoka mbali.

Rangi ikipakwa nene sana inafanya mikunjo kama ngozi ya maziwa. Hilo halina dawa ila kukwangua, kusubiri na kupaka upya. Acha saa 24 kati ya mikono. Usiku wa Juni na Julai ni baridi, mji huu uko juu kiasi cha mita 1,200, na rangi iliyopakwa saa kumi na moja jioni inalala bila kukauka. Paka asubuhi. Septemba na Oktoba tatizo ni vumbi: mwagia sakafu maji kabla ya kuanza, na geuza picha mbichi itazame ukuta, ikiegemea kwa pembe ya juu tu.

Wachoraji wa ukumbusho mara nyingi hupaka nne kwa wakati mmoja: mbingu zote nne asubuhi moja, ardhi zote kesho, watu keshokutwa. Wengine huona hiki ni kiwanda, si sanaa. Ukweli ni kwamba bluu inachanganywa mara moja, brashi inaoshwa mara moja, na hakuna siku unakaa ukitazama rangi ikikauka. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 mjini hapa, enzi ulipoitwa Élisabethville, naye aliuza picha za aina zinazorudiwa, na bado katikati ya miaka ya 1970 alichora mfululizo wa picha takriban mia moja za historia ya nchi. Picha za kula na picha za moyoni zilitoka kwenye makopo yaleyale. Anayengoja ndoto tu ndipo achore, na anayerudia mamba muntu mpaka asahau kwa nini alianza, wote wawili wataacha kazi mapema. Panga siku moja kwa juma kwa picha ambayo haina mteja. Isiwe Jumapili, siku ambayo wageni hawakuachi.

Brashi ziwe tatu nzuri badala ya kumi mbaya: ya inchi mbili, ya nusu inchi, na nyembamba ya nyuso. Zioshe kwa tapentaini, halafu kwa sabuni ya kipande na maji ya vuguvugu, uzilaze. Ukizisimamisha kichwa chini ndani ya kopo zinapinda shingo. Zikiisha kabisa, kumbuka kwamba Bela Sara, mmoja wa wachoraji wa ile karakana Pierre Romain-Desfossés aliyoianzisha hapa mwaka 1946, alipaka kwa ncha za vidole, nukta kwa nukta, wakati mwenzake Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa mistari mifupi. Lakini soma kwanza sehemu inayofuata.

Hewa, mikono na kichwa

Mvuke wa tina na tapentaini unaingia kwenye damu na kufika ubongoni. Siku ya kwanza ni kichwa kuuma na kizunguzungu. Baada ya miaka ya kulala chumba kimoja na makopo ni usahaulifu, hasira zisizo na sababu, usingizi kukatika, huzuni nzito. Katika nchi za Skandinavia madaktari walianza kuutambua ugonjwa huu kwa wapaka rangi tangu miaka ya 1970. Kwetu mtu wa namna hiyo huambiwa amerogwa, anapelekwa kuombewa, kisha anarudishwa kulala katika chumba kilekile.

Kwa hiyo: paka rangi nje, barazani, au katika chumba chenye matundu mawili yanayotazamana ili hewa ipite. Dirisha moja halitoshi, hewa inazunguka tu. Kopo la tina lifunikwe kila baada ya kuchovya. Mimina kidogo kwenye kifuniko cha chupa, si bakuli zima. Barakoa ya kitambaa inazuia vumbi tu, mvuke unapita. Usiku makopo yalale nje ya chumba cha watoto. Kama nyumba ni chumba kimoja, omba kona kwenye stoo ya jirani hata kwa kumlipa kwa picha.

Matambara yenye mafuta ya kitani au rangi ya mafuta usiyarundike. Yanapokauka yanajipasha joto yenyewe na yanaweza kuwaka bila kiberiti. Yatie kwenye kopo lenye maji. Mbabula (jiko la makaa) isikaribie tina, na usiiwashe ndani ya chumba kilichofungwa ili kukausha picha: moshi wa makala usioonekana unaua watu waliolala.

Madini ya risasi ni jambo jingine. Njano na chungwa kali za aina ya zamani, na rangi kuukuu za milango na magari, huweza kuwa nayo. Dalili ni tumbo kukaza, choo kigumu, uchovu, mkono kulegea kwenye kifundo. Candido Portinari, mchoraji mkubwa wa Brazil, alifariki mwaka 1962 kwa sumu ya risasi iliyotoka kwenye rangi zake. Usilainishe ncha ya brashi mdomoni. Usipige msasa mkavu juu ya rangi ya zamani, loanisha kwanza. Nawa kwa sabuni kabla ya bukari (ugali), maana bukari unaukanda kwa vidole vilevile. Rangi iliyoganda mkononi itoe kwa mafuta ya kupikia kisha sabuni. Tina inapitisha sumu kwenye ngozi. Na maziwa hayasafishi chochote, hata kama kila fundi atakuambia unywe glasi moja jioni. Yanywe kwa kuwa ni chakula.

Katika mji huu, ambako tanuru la shaba lilianza kuyeyusha mwaka 1911, vumbi lenyewe lina mzigo wake wa madini. Sababu zaidi ya kutokuongeza.

Lutuku, pombe kali ya kienyeji, inaonekana kama dawa ya mchoraji kwa sababu mkono unatulia kwa saa moja. Saa ya pili mstari wa mdomo unakwenda mrama. Ukiona unahitaji glasi ndipo mkono uache kutetemeka asubuhi, hilo si suala la sanaa tena. Vivyo hivyo usingizi ukikatika majuma mawili mfululizo, au ukianza kusikia sauti ambazo walio chumbani hawazisikii, au ukawaza kujidhuru: mwambie mtu mmoja wa nyumbani leo, na mwende pamoja kwa daktari. Lubumbashi ina kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain. Si lazima ufike ukiwa umefungwa kamba. Mpelekee pia jina la tina na rangi unazotumia, daktari hatakisia mwenyewe. Na ndugu wa mchoraji: msimchomee picha zake mkidhani ndizo zilizomharibu. Toeni makopo chumbani, acheni picha.

Bei

Wachoraji wengi huuza kwa bei ya njaa ya siku hiyo. Andika gharama kwenye daftari kabla hujatoka na picha. Kwa mfano tu, weka namba zako mwenyewe: kitambaa dola 2, mbao 3, rangi 5, gundi na msasa 1, usafiri 1. Jumla 12. Siku tatu za kazi, nyumba ikila dola 8 kwa siku, ni 24. Hapo ni 36. Ongeza robo, dola 9, kwa ajili ya brashi mpya na siku za mvua: 45. Hiyo ndiyo sakafu, na bei ya kwanza unayotamka iwe juu yake, kwa kuwa hakuna anayenunua bila kupunguziwa.

— Papa, shusha kidogo.
— Mama, nitashusha. Lakini mbao haikunishushia.

Mteja akitaka chini ya sakafu, usimpe picha hiyo kwa hasara. Mpe ndogo zaidi, sm 30 kwa 40, ambayo unazo tayari. Mchoraji asiye na picha ndogo analazimika kushusha kubwa.

Taja bei kwa dola, kwa sababu falanga inateleza kati ya siku ya kuagiza na siku ya kulipa. Kagua noti ukiwa bado na picha mkononi: dola iliyochanika hata kidogo au yenye mhuri hutaweza kuitumia sokoni, na wengi hukataa za dola moja.

Kazi ya kuagizwa ianze na avansi ya nusu. Siku hiyohiyo avansi igeuzwe kuwa mbao, kitambaa na rangi, kabla haijalala nyumbani. Deni la pesa linalipika. Deni la picha iliyokwisha kuliwa linamfanya mchoraji abadilishe njia ili asipite mbele ya nyumba ya mteja, na mji unakuwa mdogo. Andika kwenye karatasi: kipimo, nani yumo kwenye picha, maneno gani yaandikwe, tarehe, kiasi kilicholipwa. Mteja asaini. Maneno hasa. Jina la marehemu likikosewa herufi moja, familia haitachukua picha, na itakuwa na haki.

Mabango ya malewa (mikahawa midogo), vinyozi na magari ndiyo mshahara. Kuna wanaoyadharau, kisha wanakopa kwa wanaoyachora. Herufi ya sm 10 inasomeka vizuri kutoka mita 12 hivi. Kwa barabara pana ambako magari yanapita kasi, fanya sm 25 au 30. Piga mistari miwili kwa uzi uliopakwa chaki, andika kwanza herufi ya katikati ya neno, ndipo uende kushoto na kulia, usije ukamaliza ubao kabla ya neno. Njano juu ya nyeusi, au nyeusi juu ya njano, husomeka kuliko nyekundu juu ya bluu, ambayo inacheza machoni.

Pesa ya mabango iingie kwenye likelemba, mchango wa zamu, ya watu watano au sita wanaofahamiana, zamu yako uipange Oktoba, kabla ya mvua, ndipo ununue kitambaa na gundi za miezi yote ambayo wanunuzi wa barabarani hupungua.

Kabla picha haijaondoka

Ipige picha kwa simu, kwenye kivuli cha nje saa nne asubuhi, ukisimama sawasawa mbele yake, bila mwanga wa simu. Nyuma ya kitambaa andika kwa penseli jina lako, mwaka, mji, kipimo. Mfululizo ule wa Tshibumba leo uko Wereldmuseum, zamani Tropenmuseum, Amsterdam; yeye mwenyewe hakuonekana tena tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tunajua mengi juu ya picha hizo kwa sababu profesa mmoja alirekodi maelezo yake, moja baada ya nyingine. Usingoje profesa. Daftari la shule linatosha: namba, picha inaonyesha nini, nani alinunua, kwa kiasi gani.

Mgeni anayesafiri kwa ndege atataka kuikunja. Rangi ya mafuta isikunjwe kabla ya mwezi mmoja kupita. Ing'oe misumari kwa koleo, izungushe kwenye bomba la plastiki lenye upana wa sm 10 au zaidi, rangi ikitazama nje. Wengi huigeuza ndani wakidhani wanailinda, kumbe ndani rangi inabanwa na kujikunja, na nje inanyooka tu. Weka karatasi laini isiyo na maandishi juu yake; gazeti litaacha wino wake kwenye mbingu. Funga kwa utepe wa kitambaa, si kwa mpira, na umwambie aifungue siku atakayofika.